Swynnerton, Bwana Nyama aliyeupangia moto wa nyika siku yake

KILA mwaka mvua zinapokatika katika nchi ya Unyamwezi, nyasi zilizokua hadi kimo cha mtu huanza kubadilika rangi. Mwezi Mei mashina huwa bado na ubichi. Juni na Julai nyasi hupauka, na ifikapo Septemba huwa kavu kiasi cha kuvunjikavunjika mkononi. Hapo ndipo moshi huonekana kila upande, kuanzia mapori yanayouzunguka mji wa Tabora na kijiji cha Kwihara, hadi Urambo, Sikonge na bonde la mto Ugalla.

Moto huo si mgeni kwa wenyeji. Mfugaji huuwasha ili ng'ombe wapate majani mapya, mwindaji huuwasha ili aone mbali, mkulima husafishia shamba, na mrina asali huacha kijinga nyuma yake. Jambo ambalo wengi mijini hawalifahamu ni kwamba moto uleule, katika pori lilelile, unaweza kutenda kazi mbili zilizo kinyume kabisa, kutegemea siku ulipowashwa, saa ulipowashwa na upepo uliokuwa ukivuma.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulifanya jambo hilo kuwa somo la utafiti mkubwa hapa nchini alikuwa Charles Francis Massy Swynnerton. Alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, na baadaye mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o. Jina lake limebaki katika majina ya kisayansi ya viumbe, na nchini Kenya linakumbukwa zaidi kwa sababu ya mwanawe Roger, aliyeandika mpango maarufu wa kilimo wa mwaka 1954. Kazi ya baba, hata hivyo, inastahili kusimuliwa upya wakati huu ambapo kompyuta zimepewa jukumu la kukisia moto wa nyika utakwenda wapi.

Swynnerton alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Lowestoft, pwani ya mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa jeshi nchini India. Mwishoni mwa karne ya 19, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alikwenda kusini mwa Afrika na kuishia kwenye shamba karibu na msitu wa Chirinda, katika milima ya mashariki ya nchi ambayo leo ni Zimbabwe, jirani na mpaka wa Msumbiji.

Hakuwa profesa wala mwanafunzi wa chuo kikuu chochote kikubwa. Alikuwa mkulima mwenye macho makali na subira. Alikusanya ndege, mimea na wadudu, akawapelekea wataalamu wa Ulaya, na viumbe kadhaa vikapewa jina lake. Mmoja wao ni ndege mdogo wa misituni ambaye hupatikana pia katika milima ya Usambara na Udzungwa. Kwa miaka mingi aliwapa ndege vipepeo wa aina mbalimbali na kuandika wapi waliliwa na wapi walikataliwa, ili ajue rangi za vipepeo zina kazi gani. Tabia hiyo ya kujaribu, kuhesabu na kujaribu tena ndiyo aliyokuja nayo Tanganyika.

Kabla ya hapo palikuwa na safari moja iliyobadili maisha yake. Mwaka 1918 alitakiwa kuchunguza tatizo la mbung'o katika eneo la Mossurise, upande wa Msumbiji uliokuwa chini ya Wareno. Mbung'o, ambaye baadhi ya watu wa bara humwita ndorobo, hueneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Swynnerton alikuta nchi iliyojaa vichaka na mbung'o, lakini wazee wa huko wakamsimulia habari tofauti. Nchi ile ile, walimweleza, iliwahi kuwa na ng'ombe wengi.

Sababu ilikuwa mfalme Umzila wa Wagaza. Katika miaka ya 1860 alihamia huko na watu wake, akaagiza wakae karibu karibu, walime na kufyeka, na moto uwashwe kwa utaratibu. Vichaka vikatoweka, na mbung'o wakatoweka pamoja navyo. Mwaka 1889 mrithi wake, Gungunyana, alipohama na watu wake kwenda kusini, mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o wakarudi. Swynnerton aliyachapisha hayo mwaka 1921. Kwa hiyo fundisho kuu la maisha yake ya kazi halikutoka maabara ya London. Lilitoka kwa Waafrika waliokwisha kumshinda mbung'o kabla ya Mzungu kufika.

Mwaka 1919 aliteuliwa kuongoza idara mpya ya wanyamapori ya Tanganyika, nchi iliyokuwa imetoka tu mikononi mwa Wajerumani. Watu walizoea kumwita ofisa wa idara hiyo Bwana Nyama. Kazi ilikuwa kulinda wanyama na kutoa vibali vya uwindaji, lakini nchi aliyoikuta ilimlazimisha kufikiri kuhusu jambo kubwa zaidi.

Historia ya Kwihara inaeleza kwa nini. Katika karne ya 19 Kwihara na Tabora vilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Henry Morton Stanley alifikia Kwihara mwaka 1871, na mwaka uliofuata David Livingstone alikaa humo kuanzia Februari hadi Agosti akisubiri wapagazi, katika tembe ambalo kumbukumbu yake imehifadhiwa hadi leo. Sehemu hiyo ya Unyanyembe ilikuwa kama kisiwa cha mashamba na malisho katikati ya bahari ya miombo. Ndani ya kisiwa ng'ombe walistawi. Nje yake, katika pori, mbung'o walitawala, na ndiyo maana mizigo ya njia ile ilibebwa kichwani na begani badala ya kuvutwa na maksai.

Moto nao ulikuwapo, na haukuwa wa shambani peke yake. Agosti 1871, katikati ya kiangazi, majeshi ya Mirambo yaliingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji, na moshi ukaonekana kutoka Kwihara. Katika nchi ya nyasi kavu, aliyejua wakati wa kuwasha alikuwa na silaha mkononi.

Kisha vikafuata vipigo mfululizo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Njaa na maradhi vikapunguza watu. Vita vya kwanza vya dunia vikachukua wapagazi na chakula, na Septemba 1916 Tabora ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji. Penye watu wachache pori hukua, na penye pori mbung'o hurudi. Hesabu zilizotumika wakati wa Waingereza zilisema kuwa karibu theluthi mbili ya Tanganyika ilikuwa chini ya mbung'o. Visiwa vya mashamba kama Unyanyembe vilikuwa vikimegwa kando kando.

Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, katika nchi ya Wasukuma, na Swynnerton akatumwa kuchunguza upande wa wadudu. Mbung'o aliyekutwa huko alitambuliwa kuwa wa aina ya pekee, na wataalamu wakampa jina lake, Glossina swynnertoni. Ni heshima ya ajabu mtu kuitiwa mdudu anayeua, lakini kwa mtafiti wa aina yake ilikuwa heshima kamili.

Rhodesia ya Kusini, kwa upande wake, ilikuwa imechagua bunduki. Kwa kuwa mbung'o hula damu ya wanyamapori, wanyama waliuawa kwa maelfu ili mdudu afe njaa. Swynnerton, aliyeajiriwa kulinda wanyama, alichagua njia ya Umzila: kumnyang'anya mbung'o makazi. Silaha zake zilikuwa mbili, shoka na moto.

Kuanzia mwaka 1923 alifanya jaribio lake kubwa Shinyanga, kaskazini ya Tabora. Shoka lilikuwa jambo la kueleweka. Watemi waliwaita watu, Makwaia wa Usiha akiwa miongoni mwa walioshiriki, na wanaume wakatoka kwa maelfu kufyeka vichaka. Ilikuwa kazi ya umma chini ya dola ya kikoloni, na si kila aliyefika alifika kwa hiari. Lakini Wasukuma walikuwa na sababu yao wenyewe, kwani ng'ombe waliokuwa wakifa walikuwa wao.

Moto ulihitaji akili zaidi. Swynnerton aliona kwamba moto wa kila mwaka, kama ulivyokuwa ukiwashwa, haukuvisumbua vichaka hata kidogo. Ulikuwa moto wa mapema. Nyasi zilikuwa nusu mbichi, kwa hiyo uliunguza mabaka hapa na pale, ukazimika penye kivuli, ukapita kando ya kichaka na kukiacha salama. Mbaya zaidi, ulikuwa umekula nyasi ambazo zingekuwa kuni za moto mkubwa baadaye. Kichaka kikaendelea kunenepa mwaka hadi mwaka.

Shauri lake lilikuwa rahisi kusema na gumu kutenda: moto uzuiwe hadi mwisho wa kiangazi, kisha nchi yote ichomwe kwa mpigo katika siku iliyochaguliwa. Nyasi ziwe nyingi na kavu, jua liwe kali, hewa isiwe na unyevu, na upepo uwe wa kutosha kuusukuma moto kuingia ndani ya kichaka. Moto wa siku kama hiyo huua machipukizi na miti michanga, na kichaka hurudi nyuma.

Sababu zake zinaeleweka hata kwa asiye mtaalamu. Jani lililokufa hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa inayolizunguka, na kwa nyasi nyembamba mabadiliko hayo huchukua muda wa saa moja hivi. Asubuhi kwenye umande nyasi hukataa kuwaka. Saa nane mchana nyasi zilezile huwaka kama karatasi. Usiku hewa ikipoa, moto hulala. Upepo huulaza mwali juu ya nyasi ambazo hazijaungua, ukazikausha kabla ya kuzifikia, na ndiyo maana moto unaokwenda na upepo hukimbia, na unaokwenda dhidi ya upepo hutambaa. Kwenye mlima, moto unaopanda hukimbia kuliko unaoshuka kwa sababu iyo hiyo.

Kuna jambo la ziada ambalo kila mzee wa pori amewahi kuliona. Moto mkubwa hutengeneza upepo wake. Hewa ya moto hupanda juu, hewa nyingine hukimbilia kuziba nafasi, na mioto miwili iliyo karibu huvutana. Kwa hiyo si kweli kwamba hali ya hewa huuamuru moto peke yake. Moto nao huiamuru hali ya hewa iliyo jirani nao. Nguvu ya kuchoma eneo pana kwa siku moja ilitegemea jambo hilo.

Ugumu ulikuwa kwa watu. Kijinga kimoja cha mrina asali mwezi Juni kiliweza kuharibu mpango wa mwaka mzima. Mfugaji aliyetaka majani mapya hakuwa na sababu ya kusubiri hadi Oktoba. Mwenye nyumba kando ya pori alipenda kuchoma mapema ili moto wa baadaye usimfikie. Ng'ombe nao, walipolisha eneo kupita kiasi, waliondoa nyasi na kuacha moto bila chakula. Hivyo jaribio la moto likageuka kuwa jaribio la utawala: nani ana amri juu ya kiberiti? Bila watemi na wazee, hesabu zote za mtafiti zilikuwa bure.

Mwaka 1929 utafiti wa mbung'o ulipewa idara yake, na Swynnerton akawa mkurugenzi. Shinyanga ikawa kituo kilichojulikana duniani. Ardhi iligawanywa katika vitalu, na kila kitalu kikapewa tiba yake: hapa shoka, pale moto wa kuchelewa, kwingine moto uzuiwe kabisa ili vichaka vifungamane kiasi cha kumkimbiza mbung'o anayependa mahali pa wazi. Kwamba aliweza kujaribu moto na kutokuwapo kwa moto kwa wakati mmoja ni ushahidi kwamba hakuwa mfuasi wa wazo moja.

Alijizungushia wataalamu vijana. Mwikolojia John Phillips, aliyekuwa naibu wake, aliandika mwaka 1930 kuhusu athari za moto kwa mimea na wanyama wa kusini na mashariki mwa Afrika. Bernard Burtt alichunguza mimea. Kusini mwa Tabora, katika kituo cha Kakoma, C.H.N. Jackson aliwatia mbung'o alama za rangi, akawaachia, kisha akahesabu wangapi kati ya wenye alama walikamatwa tena, na kwa njia hiyo akakadiria idadi ya wote waliokuwamo porini. Hesabu ilikuwa imeingia katika miombo ya Unyamwezi.

Ni miombo hiyo iliyoonyesha mipaka ya mbinu ya Shinyanga. Kile kilichowezekana katika nyika ya miiba ya Usukuma, yenye watu wengi na ng'ombe wengi, hakikuwa rahisi katika misitu mikubwa inayoanza karibu na Kwihara na kuendelea hadi Ugalla na mbali zaidi. Watu walikuwa wachache, pori halikuwa na mwisho, na miti ya miombo huchipua upya toka mizizini baada ya kuungua. Serikali ilitumia njia nyingine iliyosimamiwa na Daktari George Maclean: watu waliotawanyika porini walihamishwa na kukusanywa katika makazi makubwa, wakalima pamoja na kumsukuma mbung'o mbali. Maisha mengi yaliokolewa na malale. Vilevile familia nyingi ziliacha makaburi ya wazee wao, mizinga na mashamba, na mahali walipotoka pakarudi kuwa pori.

Mwaka 1936 Swynnerton alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki, kilichobeba matokeo ya kazi ya miaka mingi. Baadaye serikali ya Uingereza iliamua kumpa nishani. Juni 1938 alipanda ndege pamoja na Burtt kuelekea Dar es Salaam kuipokea. Ndege hiyo ilianguka njiani, na wote wawili wakafariki. Swynnerton alikuwa na umri wa miaka 60. Ulikuwa mwanzo wa kiangazi, wakati ambao yeye alikuwa akiwasihi watu wasiwashe moto bado.

Baada ya kifo chake, vita dhidi ya mbung'o vilichukua njia nyingine. Zilikuja dawa za kuua wadudu, kisha mitego. Kisiwani Unguja, mwaka 1997, mbung'o walitangazwa kuwa wametokomezwa, baada ya madume yaliyofanywa tasa kuachiwa kwa wingi. Moto kama silaha ya kupambana na mdudu ukasahaulika.

Lakini swali la siku na saa halikusahaulika. Mwaka 1922, mwaka uleule Swynnerton alipokwenda Maswa, Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha wazo kwamba hali ya hewa inaweza kupigiwa hesabu kabla haijafika, kwa kuigawa anga katika vipande na kukokotoa kila kipande. Alifanya hesabu hizo kwa mkono na hazikumpa jibu sahihi. Mashine za kufanya kazi hiyo zilikuja baadaye, na leo utabiri wa hali ya hewa unaosikika redioni kila jioni ni mtoto wa wazo hilo.

Moto nao ulipigiwa hesabu. Mwaka 1972 Richard Rothermel, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani mjini Missoula, alitoa kanuni za kukadiria kasi ya moto kutokana na wingi wa nyasi na kuni, unyevu wake, upepo na mwinuko wa ardhi. Mwaka 1996 Terry Clark na wenzake walichapisha kazi iliyoziunganisha hesabu mbili katika kompyuta: upepo unausukuma moto, joto la moto linaingizwa katika hesabu ya anga, nayo anga inaurudishia moto upepo mpya. Kwa njia hiyo kompyuta iliweza kuonyesha kwa nini mstari wa moto hujipinda na kutoa ncha zinazokimbia mbele, jambo ambalo kanuni ya upepo pekee haikuweza kulieleza.

Hata hivyo, mtu akiyaangalia maswali yanayoulizwa na kompyuta hizo atayatambua. Nyasi ni kiasi gani? Zimekauka kiasi gani? Upepo unatoka wapi, na saa ngapi? Ndiyo maswali ya Shinyanga ya mwaka 1923. Tofauti ni kwamba Swynnerton alijibiwa na nchi yenyewe, mara moja tu kwa mwaka, na jibu likiwa baya hakuweza kulifuta. Kompyuta huweza kuuchoma msitu mara mia kabla ya chakula cha mchana bila mti mmoja kuungua.

Lipo na jambo jingine ambalo huenda lingemshangaza. Ujuzi aliouacha sasa unatumika kinyume. Yeye alitaka moto mkali wa mwisho wa kiangazi kwa sababu unaua miti. Majaribio yaliyoanzishwa na Colin Trapnell huko Ndola, Zambia, mwaka 1933, yalithibitisha kwa miaka mingi kwamba aliuona ukweli: vipande vya miombo vilivyochomwa kila mwaka kwa kuchelewa viligeuka nyasi zenye miti michache, vilivyochomwa mapema vilibaki msitu, na vilivyolindwa kabisa vilielekea kuwa msitu mnene. Leo ni miti hiyo inayotafutwa. Mkoa wa Tabora unajulikana kwa asali, na asali hutoka kwenye maua ya miombo. Bonde la Ugalla lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Moto wa Oktoba unaunguza mizinga, unaua miti michanga na kuacha ardhi wazi mbele ya mvua za kwanza.

Kwa hiyo moto wa mapema, ule ambao Bwana Nyama aliuona adui wa mpango wake, ndio unaohimizwa sasa. Huwashwa kati ya Mei na Julai, wakati nyasi zina ubichi na moto hulala usiku, ukaacha mabaka yaliyoungua ambayo baadaye huzuia moto mkubwa usipite. Kalenda imepinduliwa juu chini, lakini elimu ni ileile.

Tangu mwaka 2000 setilaiti zimekuwa zikiiona mioto ya Unyamwezi kila siku kutoka angani na kuiweka kwenye ramani, nukta nyekundu moja baada ya nyingine. Ramani hizo huonyesha mahali moto ulipo. Kompyuta huweza kukisia utakwenda wapi. Hakuna kati ya hizo inayoweza kuamua nani awashe na lini. Umzila aliamua kwa amri ya mfalme, Swynnerton kwa mikono ya watemi, na Maclean kwa kuhamisha watu. Katika vijiji vilivyo kando ya njia ya zamani ya misafara, uamuzi huo sasa uko kwa kamati za maliasili, wafugaji na warina asali, wanaopaswa kukaa pamoja mvua zinapokatika na kukubaliana tarehe kabla nyasi hazijakauka.